Midomo Ikivimba, Kumbuka Vidonge vya Presha

Vidonge vya captopril, enalapril na lisinopril huteremsha presha na kuusaidia moyo uliochoka. Lakini wagonjwa wachache huvimba midomo, ulimi na koo, hata pumzi ikazibwa. Sisi watu weusi hupatwa zaidi. Uvimbe huu waweza kuja hata baada ya miaka ya kumeza dawa bila shida, hivyo mtu hudhani ni samaki aliyemla jana.

Kwa maoni yangu, anayetoa vidonge hivi bila kutamka onyo hili hajamaliza kazi yake. Ukivimba, usimeze kingine wala usingoje asubuhi. Kimbia hospitali na pakiti yako mkononi. Daktari atakubadilishia dawa. Hiyo ya kwanza usiirudie kamwe.