Uchangamfu Hauamrishwi

"Changamka!" Hilo ndilo neno nililolisikia zaidi mwaka ule nilipoacha chuo kwa kukosa karo, nikaenda kubeba sahani katika hoteli moja katikati ya Nairobi. Tangazo lilitaka "kijana mchangamfu". Nikajiona nafaa. Napenda watu, napenda stori. Kumbe walitaka meno tu.

Mteja anakupigia miluzi kama mbwa: changamka. Mshahara umechelewa wiki tatu: changamka. Mwenzangu mmoja alitoka kumzika mamake, akarudi kazini Jumatatu, akaambiwa uso wake unafukuza wateja. Ati si mchangamfu.

Ngoja kidogo, bana. Kiswahili chenyewe kinakataa. Changamka ina pacha wake, changamsha, kama ilivyo chemka na chemsha. Maji hayachemki kwa kufokewa, yanataka moto. Anayetaka nichangamke, yeye amenichangamsha na nini?

Na tusichanganye mchangamfu na mcheshi. Mcheshi ana utani wake, anatembea nao popote. Uchangamfu hukaa kati ya watu. Ndiyo maana twasema kijiwe kimechangamka, soko limechangamka, harusi imechangamka. Hauwezi kutoka upande mmoja.

Mwangalie mama mboga wa mtaani kwetu. Anakata sukuma huku akiuliza mathe anaendeleaje, kisha anakuongezea dhania bila kuombwa. Siku akinyamaza, hakuna anayemfuta kazi. Tunamuuliza, "Mama, leo kuna nini?" Huo ndio uchangamfu: unakwenda na kurudi.

Najua utasema biashara ni wateja, na nani atalipia kununiwa? Sawa. Adabu ni kazi, na kazi nitaifanya: karibu, samahani, asante, chakula kifike kikiwa moto. Lakini furaha yangu haiko kwenye menyu. Ukinilazimisha kuitoa, utapata ya bandia, na wahenga walishasema jino la pembe si dawa ya pengo. Wateja wenyewe si wajinga. Wanaona.

Tena kuna wale wapole, wa maneno machache, wanaokumbuka kwamba hutumii sukari. Hao nao tunawakosesha kazi kwa sababu hawapigi kelele mlangoni.

Kwa hivyo bosi, ukiandika tena "awe mchangamfu", andika na mshahara hapo kando, na tarehe ya kuulipa. Tukiuona, hutahitaji kutuambia tuchangamke.