Bwana, Bibi na Mwinuko wa Rwenzori

Jamaa nyingi za Mpondwe na Bwera huishi miaka na miaka chini ya Milima ya Rwenzori bila kuikanyaga, hali wageni huvuka bahari ili kuipanda. Bwana na bibi wanapoazimia kuitumia likizo yao huko, huulizana kwanza juu ya gharama, mabuti ya mpira, na nani atakayebaki na watoto. Ni maswali ya haki. Lakini liko moja ambalo aghalabu halisemwi: mmoja wao akiugua kwa sababu ya mwinuko, mwenziwe atafanya nini?

Mji wa Kasese uko kwenye mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Wapandao kwa njia ya Nyakalengija hulala usiku wa kwanza katika banda la Nyabitaba, mita 2,650 hivi, na wa pili katika banda la John Matte, lililopita kidogo mita 3,400. Huo ndio mwinuko wa Cusco, mji wa kale wa Peru katika Amerika ya Kusini. La Paz ya Bolivia iko juu zaidi, mita 3,600 hivi. Wenyeji wa miji hiyo wamezaliwa katika hewa hiyo, lakini mgeni ateremkaye kwenye ndege huumwa kichwa. Wenyewe huyaita maradhi hayo “soroche”, humpa chai ya majani ya koka, na kumwambia apumzike. Mtu wa Mpondwe afikaye John Matte kwa siku mbili hana tofauti kubwa na mgeni huyo.

Hewa ya juu ina oksijeni kwa sehemu ile ile, moja katika tano. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, ambayo kwenye mita 3,500 ni kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani. Hivyo kila pumzi huleta oksijeni kidogo. Baada ya saa 6 hadi 12 huja maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, na kukosa hamu ya chakula.

Hapa ndipo askari hudanganyika. Kwata na mbio za alfajiri hazimkingi mtu na maradhi haya. Kijana shupavu aweza kulala chali akiugulia, na mkewe auzaye vitenge sokoni akala chakula chake kwa raha. Pengine ushupavu wenyewe humponza, maana mwenye mapafu mazuri hupanda haraka kuliko mwili unavyozoea. Naye bwana aonaye haya kukiri mbele ya mkewe kwamba kichwa kinamwuma humnyima mtu wa pekee awezaye kumwokoa habari anayoihitaji.

Usiku, bibi aweza kusikia pumzi za mumewe zikikatika kidogo kisha zikarudi kwa nguvu. Jambo hilo ni la kawaida huko juu, na peke yake si hatari. Hatari ni mtu kuyumba kama mlevi anapoambiwa atembee kwa kufuata mstari, kusema ovyo, kuhema hali ameketi, au kukohoa povu. Mgonjwa wa namna hiyo hangojei asubuhi: huteremshwa mara moja pamoja na kiongozi wa njia, wala haachwi ateremke peke yake ili mwenziwe akione kilele cha Margherita, mita 5,109.

Waganga hushauri kwamba juu ya mita 3,000 mtu asipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Mabanda ya Rwenzori hayakujengwa kwa kipimo hicho: baada ya John Matte huja Bujuku, karibu mita 3,960, kisha Elena, mita 4,540 hivi. Afadhali kulala John Matte usiku wa pili. Mwenye selimundu na mwanamke mjamzito wamwone daktari kabla hata ya kulipa nauli. Vidonge vya asetazolamidi navyo ni vya kuandikiwa na daktari. Pombe na dawa za usingizi zibaki nyumbani. Fedha za siku ya ziada, na za mpagazi wa kumsindikiza atakayerudi, hupatanwa Nyakalengija kabla mizigo haijagawanywa.