Saratani ichunguzwe ikiwa na umbo lake

Zaidi ya dawa tisa kati ya kumi za saratani zinazoingia kwenye majaribio ya binadamu hazifiki sokoni, ingawa maabarani zilionekana kufaa. Sababu ni nyingi, lakini ipo moja iliyo mikononi mwa watafiti wenyewe: kwa miongo mingi seli za uvimbe zimekuzwa zikiwa zimetandazwa juu ya plastiki, kila moja ikipata oksijeni na dawa sawa na mwenzake. Mwilini mambo si hivyo. Seli zilizo ndani, mbali na mshipa wa damu, hukosa hewa na kuacha kugawanyika, na dawa inayolenga seli zinazogawanyika huziacha hai. Utafiti wa saratani sasa ujengwe juu ya seli zilizokuzwa kwa pande tatu.

Mwaka 1997 Valerie Weaver, Mina Bissell na wenzao huko California waliweka seli za saratani ya matiti ndani ya jeli, wakaziba kwa kingamwili kipokezi kinachozishikamanisha na mazingira yake. Seli zilizokuwa zikirundikana ovyo zikajipanga kuwa vitufe kama vya titi lenye afya, na jeni zake mbovu ziko palepale! Mwaka 2018 watafiti wa London walikuza oganoidi, yaani vijiuvimbe vya maabara, kutoka kwa wagonjwa wa saratani za mfumo wa chakula. Dawa ambazo hazikuzidhuru oganoidi hazikumsaidia mgonjwa yeyote. Zilizozidhuru ziliwasaidia wagonjwa katika asilimia 88 ya visa.

Wanaopinga husema vitufe hivi havina mishipa ya damu wala seli za kinga. Ni kweli, lakini plastiki nayo haina, na imekosa hata umbo. Hoja ya gharama ni nzito zaidi, hasa kwetu Afrika Mashariki, maana jeli ni ghali. Hata hivyo, tone la maji lishe lenye seli likining'inizwa chini ya kifuniko cha kisahani, seli huzama hadi ncha yake na kushikamana zenyewe, bila jeli. Na tuna sababu ya kutosubiri wengine: saratani ya umio inayowasumbua Wakenya, Watanzania na Wamalawi hutokana na seli za utando wa umio wenyewe, ilhali aina iliyoongezeka Ulaya na Marekani hutokana na seli za tezi. Oganoidi za huko haziwezi kutujibia. Mgonjwa wa umio anapokatwa kinyama cha uchunguzi, kwa ridhaa yake, sehemu ndogo ikuzwe hapahapa.