Jakuzi la mjomba na friza la shangazi

Najua nimepotea siku nyingi. Kazi za vikundi, majaribio, halafu kile kisingizio chetu sote, bando. Leo umeme umekatika hosteli tangu saa moja jioni, na wenzangu wameanza ile kazi yao ya kila umeme ukikatika: kufungua kifriji cha jirani yetu wa koridoni kuangalia kama soda bado zina ubaridi. Kila dakika kumi kuna mtu anafungua. Nimewaambia waache, wameniita "mwalimu" kwa ile sauti ya kebehi. Sawa, mwalimu mtarajiwa ni mimi. Ila hili jambo nina historia nalo, ngoja niwape.

Februari 2021 nilikuwa nyumbani Mkwaja, nimemaliza kidato cha nne nasubiri kupangiwa shule. Mkwaja kwa wasioijua ni kijiji cha pwani wilaya ya Pangani, ukishaipita unaelekea Saadani kwenye hifadhi. Mwezi ule joto lilikuwa la kutoa mtu ngozi, tunalala barazani. Basi usiku mmoja ikaingia sauti ya WhatsApp kutoka kwa mjomba, yuko Marekani, Texas, karibu na Dallas, anahudumia wazee wawili, mtu na mkewe. Anatetemeka mpaka maneno yanakatika. Umeme umezimika, nje kuna barafu, na swali lake sasa (hapa ndipo tulipocheka) lilikuwa jakuzi.

Jakuzi lenyewe ni beseni kubwa la kukaa watu watano sita, linawekwa uani, maji yanapashwa kwa umeme hadi kama nyuzi 38 na pampu inayazungusha. Bibi aliposimuliwa akauliza, "Kwani wanapika nini humo?" Watu wanakaa mle kwenye baridi kali, vichwa tu ndiyo viko nje. Sasa umeme hakuna, mzee mwenye nyumba anataka aingie aogee joto lililobaki kabla halijaisha, mkewe anataka maji yote yamwagwe, na mjomba mwenyewe kila nusu saa anafunua kifuniko anatia mkono.

Tulicheka kwa kutojua. Ile ilikuwa wiki ambayo baridi ya kaskazini kabisa ilishuka hadi Texas. Tarehe 16 Februari Dallas ilifika nyuzi 19 chini ya sifuri. Mitambo ya umeme na mabomba ya gesi yakaganda kwa sababu hayakuandaliwa kwa baridi ya namna ile, nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zikawa gizani, na baadaye jimbo lenyewe likahesabu vifo 246. Waliokufa wengi ni baridi, lakini wapo waliouawa na hewa ya sumu baada ya kuingiza majiko ya mkaa na jenereta ndani ya nyumba. Mama alipomsikia mjomba anataja jiko la mkaa la kuchomea nyama, alimkatiza hapohapo. Hilo pwani tunalijua, huwezi kulala na jiko la mkaa mlango umefungwa.

Kuhusu jakuzi alijibu bibi. Bibi hajawahi kuona barafu inayodondoka kutoka juu. Akasema: "Mwambie ni chupa ya chai hiyo. Ukiifungua kila saa, jioni utakunywa maji. Afunike, afunike tena, akae mbali nayo."

Kipindi kile niliona ni maneno ya wazee tu. Nimekuja kupiga hesabu nikiwa chuo. Tuseme beseni lina lita 1,500. Kuyapandisha maji hayo nyuzi 1 tu kunahitaji karibu uniti 2 za luku. Kutoka sifuri hadi nyuzi 38 ni zaidi ya uniti 60. Yaani mjomba alikuwa amesimama kizani analia umeme, na mbele yake kuna uniti 60 na kitu zimekaa ndani ya maji! Na ule mvuke unaopendeza kwenye picha, wazungu wamekaa wanacheka, ule ndio joto lenyewe linaondoka zake. Kila ukifunua unalisindikiza. Mzee angeingia mle dakika ishirini angetoka amelowa kwenye nyumba isiyo na umeme, na maji yamepoa.

Cha kuogopa hasa siyo yale maji mengi. Maji mengi yanachelewa sana kuganda. Yanayoganda kwanza ni yale kidogo yaliyo kwenye vibomba vyembamba na ndani ya pampu, na maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, bomba linapasuka. Kwa hiyo mablanketi yanatakiwa juu ya kifuniko, na kule pembeni ilipo pampu pia. Kumwaga ni pale ambapo maji yameshakaribia kuganda na dalili ya umeme hakuna, na hapo unamwaga yote, na yaliyo kwenye mabomba unayatoa. Ukimwaga nusunusu ukaacha ya kwenye mabomba umejipalia makaa mwenyewe.

Mjomba alifuata ya bibi. Akaweka magodoro mawili ya wageni juu, mablanketi, nailoni juu kabisa, pembeni kwenye pampu akajaza mito. Umeme ulirudi baada ya karibu siku mbili. Maji yalikuwa yamepoa kweli, ila bado vuguvugu. Kibomba kimoja upande wa nyuma, ambako mito haikufika, kilipasuka. Kimoja tu.

Sasa mngetegemea mimi niwe nimejifunza. Wapi!

Likizo ndefu iliyopita nikaenda kukaa kwa shangazi, hapohapo Mkwaja. Shangazi ana friza moja la kulala, anauza samaki na barafu za ukwaju za watoto. Siku hiyo alikuwa amechukua mkopo wa kikoba, akanunua vibua kama kilo 30 na nguru wachache, akawapanga, nguru chini. Usiku upepo ukavuma, umeme ukakata. Asubuhi shangazi akaenda Pangani kwa shughuli zake akaniachia nyumba. Hakuniambia chochote kuhusu friza, si mimi ndiye msomi? Na mimi msomi nikafanya nini? Nikafungua kuangalia. Nikafunga. Saa moja baadaye nikafungua tena na tochi ya simu, nikabonyeza kibua kwa kidole. Mchana nikawatoa wa juu nikawahamishia pembeni, eti wapate hewa. Hewa ipi, wadau? Nilikuwa nawapa joto la Mkwaja kwa mikono yangu.

Kesho yake jioni umeme ulikuwa bado, na vibua wamelegea, maji ya pinki yanatoka. Shangazi aliporudi akafunua, akanuka, akaniangalia. Hakusema kitu. Jirani akamshauri awakaange haraka auze jioni hiyohiyo, harufu itaisha kwenye mafuta. Hapa ndipo nilipojaribu kusaidia, kwa kuchelewa. Samaki wa jamii ya vibua na jodari wakikaa kwenye joto, vijidudu vinatengeneza ndani ya nyama kitu kinaitwa histamini, na histamini haiondoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Mlaji anawashwa, uso unakuwa mwekundu, kichwa, kuhara. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Haya ulikuwa unayajua jana?" Vibua walifukiwa nyuma ya choo. Nguru wa chini walikuwa bado wagumu kama kuni, maana huko hakuna mkono uliofika. Deni la kikoba amelilipa kwa miezi, na mimi pesa ya kujikimu ya chuo nimechangia, siyo kwa hiari sana.

Hoja yangu ni hii. Kidato cha tatu nilisoma uhamaji wa joto, nikachora thamosi na sehemu zake zote, nikapata alama nzuri. Kwa Kiingereza. Hakuna siku mwalimu alisema thamosi ni friza, na friza ni jakuzi, kwamba moja linazuia joto lisitoke na jingine linazuia lisiingie, kazi ni ileile. Bibi asiyesoma aliunganisha Texas na chupa ya chai kwa nusu dakika. Mimi mwenye cheti nilibonyeza samaki. Mwakani nikipewa darasa sitaanza na mchoro. Nitaleta chupa mbili za chai, moja inafunguliwa kila dakika tano, nyingine imeachwa, tuone kipindi kikiisha.

Kuna watakaosema tatizo ni umeme wenyewe, usikatike basi. Sawa, nakubali. Unguja ng'ambo ya bahari walikaa karibu mwezi mzima bila umeme wa bara mwaka 2008, halafu tena miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010, mpaka pampu za maji zikasimama, kwa kuwa walitegemea waya mmoja wa chini ya bahari. Jibu la hilo lilikuwa waya mpya, uliofika 2013, na Pemba nao walivutiwa wa kwao kutoka Tanga mwaka 2010. Hiyo ni kazi ya wakubwa na tuidai. Lakini waya haukuvutwa kwa siku moja, na samaki wako ndani leo. Hata jenereta, anayeweza anunue, ila mafuta nayo yana bei.

Wamarekani wanasema friza lililojaa, lisipofunguliwa, hushika ubaridi kama saa 48, lililojaa nusu saa 24. Kwa joto letu punguza. Na kama lina nafasi tupu, jaza chupa za maji zigande: barafu kilo 1 mpaka iyeyuke inameza joto ambalo lingepandisha maji kilo hiyohiyo nyuzi 80. Shangazi sasa anazo chupa kumi na mbili za lita moja na nusu kule chini, zile za maji ya dukani. Umeme ukikata anatupia juu magunia mawili na jamvi kuukuu, akiacha wazi pale nyuma kwenye injini ipumue, halafu anafunga kamba ya katani mizunguko mitatu. Kamba ni kwa ajili yangu, amesema mbele ya watu.

Betri yangu iko asilimia sita. Soda za koridoni nimeambiwa zimeshapata moto.