Khanga za mama kutaka kufanywa madekio!

Huku Kikuyu, Dodoma, vumbi limetukaba koo lakini siku zinakwenda.

Juzi nilifungua sanduku la marehemu mama. Doti kumi na moja za khanga, nyingine za kiwanda cha Urafiki, zimepauka mpaka maandishi unayasoma kwa kubahatisha. Wifi yangu, mtu asiyetaka kitu kikuukuu ndani ya nyumba, akaniambia, "Wifi, kata hizo tupate madekio." Jamani, nilishika mkasi!

Aliyeniokoa ni binti yake, anasoma Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana hapa hapa Kikuyu. "Shangazi, subiri kwanza." Akanionyesha kwenye simu kazi za mama mmoja, Lubaina Himid. Kazaliwa Zanzibar mwaka 1954, baba akafa kwa malaria mtoto ana miezi minne tu, na mama yake, mbunifu wa vitambaa, akamchukua kwenda Uingereza. Mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 63, akanyakua Tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

Na mnajua huchora nini? Khanga! Anazichora kwenye karatasi, na pindo zake, mji wake na maneno yake. (Ingawa khanga ya karatasi haibebi mtoto, hilo nalisema wazi.) Mwaka 2007 akachukua vyombo vya mezani vya zamani, sahani, mabakuli na majagi, jumla 100, akachora juu yake watumwa na matajiri wa Lancaster, mji uliojineemesha kwa biashara ya watumwa. Sahani za kulia wali hizo, shoga yangu, leo watu wanazitazama mikono nyuma!

Hapo nikaweka mkasi chini. Maana mama yangu hakusoma hata darasa la kwanza. Hakuacha barua, hakuacha daftari. Lakini akienda dukani hakutoa hela mpaka asomewe jina la khanga. Akisomewa, anatikisa kichwa. Nyingine. Anatikisa tena. Mwenye duka anachoka, yeye hana haraka. Kwa hiyo hizo doti kumi na moja ndizo maneno yote aliyoyachagua mwenyewe duniani, na mimi nilitaka kupigia nayo sakafu!

Chini kabisa ya sanduku kuna doti moja haijakatwa wala kupindwa. Dada yangu mkubwa anakumbuka mama aliinunua wiki ile baba alipoleta mke wa pili. Hakuivaa hata siku moja. Kilichoandikwa sikiweki gazetini, mzee bado yu hai na Jumatano hununua nakala yake.

Zile kumi tumezitundika sebuleni, binti anazipiga picha moja moja na kuandika maneno yake kabla hayajafutika. Wifi bado ananuna kuhusu madekio. Nimempa fulana mbili za mumewe.