Kujiangusha Uwanjani Nako ni Ghushi

Wanafunzi na wazazi, kadi ya njano ya rafu kila mtu Isevya anaijua. Ila Kanuni ya 12 ya soka ina njano nyingine, ya uchezaji usio wa kiungwana, na hiyo inaweza kumpata mtu ambaye hata hakumgusa mwenzake.

Anayejiangusha ili apewe penalti hupewa hiyo. Anayeunawa mpira makusudi ili afunge, hivyo hivyo. Hata anayempigia mpinzani kelele "niachie!" ili aupishe mpira akidhani ameitwa na mwenzake, jambo ambalo vijana wetu wanaliona ujanja mtupu, huonyeshwa njano, na wapinzani hupiga mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja: refa ananyoosha mkono juu, na bao halikubaliwi mpaka mpira umguse mchezaji mwingine.

Adhabu ni ndogo, na hutolewa pale tu refa anapoona. Katika Kombe la Dunia la 2002, Hakan Ünsal wa Uturuki alimpigia mpira Rivaldo wa Brazil. Ulimgonga mguuni, naye akaanguka ameshika uso! Ünsal akatolewa nje. Rivaldo alitozwa na FIFA faranga 11,500 za Uswisi, akaendelea na mashindano, na kombe akalibeba.

La hapa kwetu ni la Oktoba 1, 2016, Simba na Yanga kwenye Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Amissi Tambwe wa Yanga alifunga baada ya mpira kumgusa mkono, refa akakubali bao. Simba wakamzonga, nahodha wao Jonas Mkude akala nyekundu, mashabiki wakang'oa viti. Kona ya Shiza Kichuya ikaleta sare ya 1-1, na baadaye kadi ya Mkude ilifutwa. Mpaka leo watu wakiisimulia mechi ile wanamtaja refa. Mwenye mkono, aliyejua kuliko watu wote uwanjani, haulizwi.

Hapo ndipo nisipokubaliana na wengi. Refa anatazama kutoka upande mmoja, na hapa mtaani, chini ya miembe, mara nyingi refa hayupo kabisa. Mtoto aliyesoma darasani habari ya Mtume (s.a.w.) kutia mkono katika rundo la chakula sokoni na kukuta chini kumelowa, anajua ghushi ni nini. Jioni anasikia mtu mzima pembeni ya uwanja akimwambia, "Anguka!" Amfuate nani?

Anayeumia zaidi ni kijana tunayempa filimbi. Anatukanwa na wachezaji, anatukanwa na sisi wazazi, na mechi ijayo hataki tena kuishika. Kwenye Euro ya 2024 nahodha peke yake ndiye aliyeruhusiwa kumwendea refa kuuliza uamuzi, wengine wakimzonga wanapewa njano. Napendekeza mechi zetu za likizo zichezwe hivyo, na nahodha akiulizwa na refa kama mchezaji wake ameunawa, ajibu alichokiona. Wazazi tukae nyuma ya mstari, tena mbali kidogo.