Acheni Nafasi ya Miti Kabla ya Kukata Ploti

Wakulima wenzangu wa Witeithie,

Mji unatujia. Tangu barabara kuu ya Thika ilipomalizika kupanuliwa mwaka 2012, mashamba mengi kati ya Ruiru na Thika yamekatwa kuwa ploti. Kuuza si kosa. Shamba ni mali yako. Kosa ni kung'oa kila mti ili ploti ionekane safi kwa mnunuzi.

Fikirini yafuatayo. Mabati na saruji hushika joto la jua, na kivuli cha miti hulipunguza. Tena ardhi iliyofunikwa saruji hainywi maji. Mvua yote hukimbilia bondeni. Mwezi wa Aprili 2024 tuliona jinsi mafuriko yalivyoingia katika nyumba za watu huko Nairobi.

Kanuni za misitu ya mashambani za mwaka 2009 ziliagiza kila shamba liwe na miti katika sehemu 10 kwa 100. Kwa eka moja, hiyo haifiki hata ploti moja ya futi 50 kwa 100. Je, hiyo ni hasara kubwa?

Basi kabla ya kumwita mpima, wekeni alama kwenye miti itakayobaki. Pandeni mukima mpakani. Ukingo wa mto msiuguse, wala msipande mkaratusi hapo, maana hunywa maji mengi. Ukuta ukisha kujengwa, nafasi ya mti haipatikani tena.

Witeithie maana yake ni "jisaidie". Haya, mvua ya Oktoba isitukute tukiwa hatujachimba mashimo.